Mkuu wa Polisi na Somo Yake: Kutafuta Heshima katika Filamu za Kutisha

Wapo wanaodai kwamba kuchambua filamu ya kutisha ili kuona ni wapi imezitolea heshima filamu za zamani si uhakiki. Ni mchezo wa washabiki, wanasema, kazi ya mtu mwenye mikanda mingi na muda mwingi wa kupoteza. Anakaa mbele ya televisheni, anasikia jina fulani, anaruka, "Hilo limetoka kwa Hitchcock!", basi, kazi imekwisha. Filamu yenyewe imebaki pale pale.

Sikubaliani nao, ila naona kinachowapa nguvu ya kusema hivyo. Watafutaji wengi wanaishia kweli kwenye kuruka. Wakishalitambua jina hawaulizi jina hilo linafanya kazi gani pale lilipo, wala limewaacha nje akina nani. Katika makala haya nataka kuifuata heshima moja tu, iliyomo katika Halloween ya John Carpenter (1978), hatua kwa hatua mpaka inapoishia. Na inaishia, tena pasipo kulazimisha, chini ya Mlima Meru.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kiswahili kina neno ambalo naona linafaa kuliko "kuiga" au "kurejelea", nalo ni somo. Mtu unayechangia naye jina ni somo yako. Si ndugu yako kwa damu, wala hakukuzaa, lakini jina limewafunga. Ukikutana naye barabarani huwezi kumpita kimya. Mtoto akipewa jina la babu yake hakuna anayesema jina limeibwa. Watu watamtazama mtoto waone kama amechukua chochote kwa mwenye jina, na akiwa mkorofi watasema jina limempotea. Ndivyo ninavyotaka tuzitazame filamu hizi: tukishajua nani ni somo ya nani, tumtazame mtoto.

Sasa Halloween. Kwa asiyeijua: kijana aitwaye Michael Myers, aliyemuua dada yake akiwa bado mtoto, anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili na kurudi mjini kwao, Haddonfield, kuua wasichana wanaolea watoto wa majirani. Filamu imejaa masomo. Daktari anayemtafuta Myers anaitwa Sam Loomis, na Sam Loomis ndilo jina la mpenzi wa Marion Crane katika Psycho ya Alfred Hitchcock (1960). Muuguzi anayekuwa na daktari huyo garini anaitwa Marion. Mtoto Tommy Doyle amepewa jina la mpelelezi wa Rear Window (1954), filamu nyingine ya Hitchcock. Tena stelingi wa kike, Jamie Lee Curtis, ni binti halisi wa Janet Leigh, yule Marion Crane anayechomwa kisu bafuni. Hapa Carpenter ameziacha herufi akachukua damu yenyewe.

Haya yote yanajulikana, na kusema kweli mengi yake ni mepesi. Loomis wa Psycho ni mwuza duka mwenye madeni, Loomis wa Halloween ni daktari anayezungumza kama nabii wa maangamizi. Ukibadilisha jina hilo ukamwita Johnson hakuna kinachopungua katika filamu. Ni salamu tu. Salamu si kitu kibaya, lakini mhakiki hawezi kuandika kurasa kumi juu ya salamu.

Mkuu wa polisi wa Haddonfield ni habari nyingine. Anaitwa Leigh Brackett. Katika filamu ni mwanamume wa makamo, mtu mwema, baba wa Annie. Somo yake, Leigh Brackett halisi, alikuwa mwanamke: mtunzi wa riwaya za upelelezi na hadithi za sayari za mbali, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki Machi 1978, miezi michache tu kabla Halloween haijatoka. Inasimuliwa kwamba mwongozaji Howard Hawks alisoma riwaya yake ya upelelezi akaagiza aletewe "huyo bwana Brackett" amsaidie kuandika The Big Sleep (1946). Akaletewa mama. Miaka thelathini na ushee baadaye Carpenter anamfanya tena kuwa bwana, safari hii kwa makusudi. Kama ni utani, ni utani wa watu wanaojuana.

Brackett ndiye aliyeshirikiana kumwandikia Hawks Rio Bravo (1959). Baadaye peke yake akaandika mswada wa Hatari! (1962), kutokana na kisa cha Harry Kurnitz. Naam, Hatari! ile ile ya John Wayne na vifaru, iliyopigwa picha Momella, Ngorongoro, Manyara na katika mitaa ya Arusha mjini kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi 1961. Kwa hiyo yule askari anayetembea usiku na tochi katika mji wa kubuni wa Marekani ana jina la mwandishi aliyetunga wahusika wa kukimbiza wanyama chini ya Meru.

Msomaji mwenye haraka atauliza: sasa? Je, Carpenter aliufikiria Mlima Meru? Sina sababu ya kudai hivyo. Huyu bwana hakuficha kamwe kwamba Hawks ndiye mwongozaji anayempenda kuliko wote. Assault on Precinct 13 (1976) ni Rio Bravo iliyohamishiwa Los Angeles, na mhariri wake ameandikwa kwa jina la John T. Chance, yaani jina la mhusika wa John Wayne katika Rio Bravo. Mhariri huyo ni Carpenter mwenyewe. Ninachosema mimi ni kwamba jina la mtu huja na mzigo wake. Ukilichukua, umechukua na kazi alizofanya, zile unazozikumbuka na zile usizozikumbuka.

Tuufungue mzigo. Katika Rio Bravo mkuu wa polisi analinda gereza akiwa na mlevi, mzee kiwete na kijana mdogo. Maadui ni wengi, lakini wale wanne wanashikamana, na mji unasimama. Katika Hatari! hali ni hiyo hiyo pasipo bunduki za kuuana: kikundi cha mafundi wa kukamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama, kila mtu na kazi yake juu ya gari. Mwanzoni kabisa kifaru kinampiga pembe mmoja wao, yule wanayemwita Indian. Anahitaji damu ya aina adimu. Mfaransa mmoja aliyekuja kuomba kazi, ambaye dakika chache kabla walikuwa karibu kupigana naye, anatoa damu yake. Mgonjwa anapona, Mfaransa anapata kazi. Ulimwengu wa Brackett na Hawks ndivyo ulivyo: hatari ipo, lakini lipo na kundi, na kundi linaweza kukupa damu.

Sasa rudi Haddonfield. Mkuu wa polisi Brackett anazunguka mjini usiku kucha pamoja na Loomis. Hana kundi. Ana wasiwasi na daktari, hamwamini sana. Na wakati anazunguka kulinda watoto wa watu, binti yake mwenyewe, Annie, ananyongwa na kukatwa koo ndani ya gari. Filamu inakwisha baba hajui. Laurie, yule anayechezwa na Curtis, anapokimbia akipiga kelele kwenye nyumba za jirani, mwenye nyumba anawasha taa, anachungulia, halafu anazima. Sidhani kama kuna kipande cha kutisha zaidi katika filamu nzima, na hakina kisu wala kinyago.

Hapo ndipo jina linapofanya kazi. Carpenter amempa askari huyu jina la mtu aliyetunga mikuu ya polisi isiyoshindwa, halafu akamwacha ashindwe. Mtazamaji anayemjua somo anategemea kundi lije. Kundi haliji. Hofu yake inakuwa kubwa kuliko ya asiyejua, kwa sababu anajua kilichokosekana. Hii ndiyo tofauti ya Brackett na Loomis: jina la Loomis ukiliondoa hakipotei kitu, la Brackett ukiliondoa umepoteza kipimo cha msiba.

Ipo heshima ya pili kwa Hawks ndani ya filamu hiyo hiyo, na hii haikujificha. Watoto Tommy na Lindsey wanaangalia televisheni, na filamu inayoonyeshwa ni The Thing from Another World (1951). Hawks aliitayarisha, ingawa uongozaji umeandikwa kwa jina la Christian Nyby. Watoto wanatetemeka mbele ya dude lililotoka barafuni huku muuaji halisi yuko ng'ambo ya barabara. Tommy akichungulia dirishani anamwona. Anawaambia wakubwa, na wakubwa wanamwambia hakuna kitu kama hicho. Ni utumiaji wa akili sana: filamu ya zamani inaachiwa kioo cha televisheni, na kazi ya kutisha inahamia dirishani. (Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Wengi wetu filamu za kutisha tulizijua kwenye banda la video, juu ya benchi, na aliyetaka kuchungulia nje alikuwa anaangalia kama mama yake anakuja.)

Carpenter aliirudia filamu hiyo kikamilifu mwaka 1982 kwa jina fupi, The Thing. Jina la filamu linatokea kioo kizima kama linaloungua, vile vile kama la 1951. Sitakaa sana hapo maana wengine wamekaa. Kinachonihusu ni mpiga picha wa ile ya kwanza. Anaitwa Russell Harlan. Ndiye huyo huyo aliyepiga Rio Bravo, na ndiye aliyepiga Hatari! na kuteuliwa kugombea Oscar kwa kazi hiyo.

Naomba sasa wenzangu mfanye jambo moja: itazameni Hatari! mara baada ya The Thing from Another World. Mtaona kuwa ni filamu moja iliyoanikwa juani. Kituo kilicho mbali na watu. Wanaume wa kazi wanaodakiana maneno. Mwanamke anayeingia kati yao na asitishike. Kiumbe kinachokamatwa na kufungiwa, kisha kinachoponyoka. Kule kwenye barafu kiumbe kikiponyoka watu wanakufa. Huku tembo wadogo wakiponyoka wanamkimbiza Dallas katika mitaa ya Arusha hadi hotelini, na ukumbi mzima unacheka. Hofu na kicheko vimejengwa kwa mbao zile zile. Hawks alikuwa hajitolei heshima, alikuwa anajirudia tu, kama fundi anayetumia kipimo chake cha siku zote. Hata kile kipande cha Dallas kukaa kwenye piano kati ya wanaume amekitoa kwenye filamu yake mwenyewe, Only Angels Have Wings (1939).

Hapa lazima niweke breki, maana mtafutaji akishapata raha haachi. Yule Indian anayepigwa pembe anachezwa na Bruce Cabot. Mwaka 1933 Cabot huyo huyo alikuwa kijana shujaa wa King Kong, filamu inayohusu Wamarekani wanaokwenda kisiwani kukamata mnyama na kumpeleka New York akaonyeshwe kwa tikiti. Miaka karibu thelathini baadaye anakuja Arusha kukamata wanyama, na mnyama anamlipa. Inavutia mno! Lakini hakuna chochote ndani ya Hatari! kinachotuonyesha kwamba filamu inajua jambo hili. Hakuna jina, hakuna neno, hakuna mpangilio wa picha unaoielekea King Kong. Ni mwangwi, si heshima. Vivyo hivyo kwa mtu atakayenijia na habari kwamba nahodha wa chombo katika Alien (1979) naye anaitwa Dallas. Dallas ni mji mkubwa wa Marekani, bwana. Bila ushahidi wa pili jina peke yake halitoshi. Kwa Brackett tunao ushahidi wa pili, wa tatu na wa nne, kuanzia John T. Chance hadi ile televisheni ya Tommy.

Sisi tuliofundishwa ushairi wa Kiswahili tuna kipimo kikali zaidi cha heshima, nacho ni takhmisa. Mshairi anachukua beti za mwenziwe zenye mistari miwili, anaongeza mitatu, zinakuwa za mitano. Sayyid Abdallah bin Nasir aliyafanyia hivyo maneno ya Liyongo. Ya mwenyewe hayafichwi, yamekaa pale pale, kila mtu anayaona, na mshairi mpya anapimwa kwa jinsi mitatu yake inavyokaa na miwili ya zamani. Ile televisheni ya Tommy ni takhmisa. Jina la Brackett ni fumbo. Nazipenda zote mbili, lakini ya kwanza inamkaribisha hata asiyejua.

Na asiyejua, katika habari hii, ni nani? Nimefuata uzi kutoka Haddonfield hadi kwa Brackett, kutoka kwa Brackett hadi Momella. Pale uzi unakatika. Carpenter anamheshimu Hawks, Hawks anajirudia mwenyewe, na Hatari! haimheshimu mtu yeyote aliyekuwa pale kabla yake. Kundi lile lenye kupeana damu lina Mmarekani, Mjerumani, Mfaransa, mpiga picha kutoka Italia. Waafrika wanashika kamba, wanabeba, wanapika. Kuna kipande kimoja tu ambapo wenyeji wanatenda jambo lenye uzito: Waarusha wanamchukua Dallas, wanampaka rangi na kumpa jina, Mama Tembo. Nimekitazama mara nyingi kipande hiki. Katika filamu nzima wenyeji wanaruhusiwa kutoa jina. Kupewa, hapana.

Halafu fikiria mahali penyewe. Momella ni jirani na Engare Nanyuki. Mwaka 1951, mwaka ule ule dude la Hawks lilipotoka barafuni, serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet, na mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kesi yao. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini dunia ilisikia. Ismael Mbise aliitolea riwaya, Blood on Our Land (1974), ambayo wengi humu chuoni tunaipita kwenye rafu.

Kwa maneno mengine, hadithi ambayo Brackett alikuwa bingwa wa kuiandika, ya watu wachache waliozingirwa na nguvu kubwa wakashikamana, ilikuwa imetokea mahali pale pale miaka kumi kabla ya kamera kufika. Sisemi Hawks alipaswa kutengeneza filamu ya Kirilo. Alikuja kutengeneza mchezo wa kukimbiza vifaru, na mchezo huo ni mzuri, waigizaji walikuwa wanakimbiza wanyama wa kweli. Nasema tu kwamba sisi tunaosoma kutoka upande huu tunaona jirani mwenye taa iliyozimwa. Hawks alipiga kambi mlangoni kwake na hakubisha hodi.

Kwa hiyo naona wale wanaosema kutafuta heshima ni mchezo wa washabiki wanatupunguzia chombo cha kazi. Mlolongo wa heshima ni mlolongo wa kumbukumbu, na kumbukumbu ina mipaka. Ukiufuata kwa uangalifu, ukikataa miangwi na kuchukua yenye ushahidi tu, utafika mahali ambapo majina yanakwisha ilhali watu bado wapo. Mahali hapo pana thamani kwa mhakiki kuliko jina lolote la Hitchcock.

Na tusiwaachie wageni peke yao. Anayeangalia Shumileta ya Mussa Banzi anauona haraka mkono wa video za Nigeria. Hilo si kosa, masomo wetu wanaweza kutoka Lagos kama walivyotoka Bombay. Ila filamu zetu za kutisha zinapoamua kumkumbuka mtu, ningependa kuona jina linalobeba mzigo kama ule wa Brackett. Watafsiri wa picha mabandani walilijua hili kabla yetu. Stelingi wa Hong Kong alikuwa akipewa jina la mtu wa mtaani, na ukumbi mzima unajua ni nani, na kwa nini.

Baada ya filamu, Hardy Krüger, yule aliyecheza Mjerumani, alinunua sehemu ya shamba la Momella akaishi hapo miaka kadhaa. Siku hizi pale pana hoteli ya watalii iitwayo Hatari Lodge. Neno ni la kwetu. Lilikwenda Hollywood, likawekewa alama ya mshangao, likarudi nyumbani kuwa somo ya filamu. Ukisimama barazani pale na kuuliza neno hilo limetoka wapi, utaambiwa habari za John Wayne.